Baraza Linapotiwa Kitabuni

Mazungumzo ya wapenzi wa muziki hayana mwenyewe. Mmoja anasema wimbo ule ulimlenga fulani, wa pili anaguna, wa tatu anaapa kwamba alikuwepo siku ulipoimbwa mara ya kwanza. Kitabu, kwa upande wake, kinataka jina la mtu mmoja juu ya jalada. Nini hupotea mazungumzo hayo yanapotiwa kitabuni? Siti binti Saad anatusaidia kujibu, kwa kuwa ameandikwa kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ukoo uliotoka utumwani. Alihamia mjini, akapata jina kwa sauti yake, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Nyimbo zake nyingi zilitokana na yaliyokuwa midomoni mwa watu: mapenzi, jela, kesi, hila za wakubwa. Kwa hiyo kabla hajaandikiwa kitabu chochote, nyimbo zenyewe zilikuwa tayari mazungumzo ya mtaa yaliyochujwa na kupangwa kwa vina.

Shaaban Robert alimwendea katika siku zake za mwisho. *Wasifu wa Siti binti Saad*, uliochapishwa 1958, ni kazi ya heshima, na Kiswahili chake bado kinatufundisha kuandika. Lakini Siti tunayekutana naye humo ni kielelezo cha subira na bidii. Kila tukio la maisha yake linazaa funzo, na funzo hilo analitoa mwandishi. Wasikilizaji wamo kama watu wa kusifu au kukejeli tu. Hawaulizwi wimbo waliuelewaje. Baraza limenyamazishwa ili mgeni wa heshima asikike vizuri.

Mwanahistoria Laura Fair alipita njia nyingine katika *Pastimes and Politics*, kitabu cha mwaka 2001. Aliketi na wazee wa Zanzibar akawauliza nyimbo zile zilisema nini. Chukua wimbo wa Kijiti, mtu aliyemuua mwanamke akatoroka, huku mashahidi wakigeuziwa kibao na mahakama. Msikilizaji wa leo anaweza kuusikia kama habari ya mauaji tu. Katika kumbukumbu za wazee unakuwa hukumu juu ya mahakama za kikoloni, ambazo maskini hakuzitarajia haki. Maana hiyo haikukaa ndani ya santuri peke yake. Ilikaa pia kwa watu waliousikiliza na kuuzungumza, na bila wao tungebaki na sauti isiyo na kisa.

Kwa hili namweka Fair mbele ya Shaaban Robert, ingawa kwa uzuri wa lugha hawashindani. Hata hivyo kitabu chake kina deni. Wazee walizungumza Kiswahili; kitabu kimeandikwa Kiingereza. Mjukuu wa mmoja wao, asiyesoma lugha hiyo, hawezi kukuta humo maneno ya babu yake kama yalivyotamkwa, na mafumbo na kejeli zake. Mazungumzo yameokolewa, kisha yakapelekwa mbali na nyumbani.

Jambo hili si la historia tu. Vijana wanaobishana usiku kucha simuni kuhusu taarabu, muziki wa dansi na Bongo Fleva wanatunga maelezo ambayo hakuna mtu mwingine atakayeyatunga. Simu huibiwa, na wazee wanaokumbuka bendi za zamani wanatuacha mmoja mmoja. Atakayechapisha mabishano hayo atashawishika kuyasafisha: kufuta utani, kuchagua jibu moja "sahihi", kuwageuza watu kumi kuwa mwandishi mmoja mwenye busara. Akifanya hivyo atatupa wasifu mwingine, bila kalamu ya Shaaban Robert.

Kitabu ninachokisubiri kitakuwa cha Kiswahili, kitawataja wasemaji walioridhia kutajwa, na kitawaacha wapingane. Ukurasa mmoja mama atasema wimbo ulimhusu jirani yake. Ukurasa unaofuata jirani atakana, na mhariri hataingia kuwaamua.