Tahdid ya al-Biruni: Kitabu cha Vipimo na Kibla cha Kisesa

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, ala za kale za vipimo hutajwa katika mihadhara yetu kwa kujivunia tu: Waislamu walitengeneza usturlabu, basi. Kitabu cha Abu Rayhan al-Biruni, Tahdid Nihayat al-Amakin, alichokimaliza mwaka 416 Hijria (1025), chafundisha jambo zito zaidi: ala nayo hukaguliwa. Humo anatafuta mahali pa mji wa Ghazna, katika Afghanistan ya leo, ili kibla chake kijulikane.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli. Anasimulia habari za al-Khujandi, aliyejenga huko Rayy, mwaka 384 Hijria (994), sudusi, yaani sehemu ya sita ya duara, yenye nusu kipenyo cha mita 20 hivi, ili kupima mwinamo wa njia ya jua. Tundu la kupitishia mwanga lilishuka kiasi cha shibiri, kipimo kikaharibika. Ukubwa wa ala haukuizuia kukosea.

Sifa ya pili ni jitihada. Mwaka 409 (1018), akiwa kijiji cha Jayfur karibu na Kabul bila ala yoyote, alichora tao nyuma ya ubao wa hesabu, akaligawa, akapima kimo cha jua.

Kasoro yake ni kwamba hesabu za longitudo zapita mji hadi mji kwa masafa ya misafara, hivyo kosa la hatua moja hurithiwa na inayofuata. Tena ni kitabu kigumu kwa asiyesoma hisabati, hata kwa tafsiri ya Kiingereza ya Jamil Ali (Beirut, 1967).

Je, sisi wa Kisesa, Mwanza, chatuhusu nini? Kibla chetu ni takriban nyuzi 15 mashariki ya kaskazini halisi. Wengi hukitafuta kwa dira ya simu, nayo hupotoshwa na nondo na mabati yaliyo karibu. Basi ikaguliwe. Tarehe 27 au 28 Mei saa 6:18 mchana, na 15 au 16 Julai saa 6:27, jua huwa juu ya Kaaba, na saa zetu ni sawa na za Makka. Simamisha fimbo wima: mstari kutoka ncha ya kivuli kuja kwenye shina la fimbo ndio uelekeo wa kibla.

Kipimo hicho kifanywe kabla ya kumwaga msingi wa msikiti mpya. Ama misikiti iliyokwisha kujengwa, tukumbuke kuwa Mashafii wengi wametaka kuelekea Kaaba yenyewe, na jamhuri ya wanazuoni wametosheka na upande wake kwa aliye mbali. Tofauti ndogo isiwe sababu ya kubatilishiana swala, waulizwe wanazuoni.

Wallahu aalam.