Kivuli cha Magere

Fundi huanza na beseni la maji. Kete zake za chesi hutoka Tabaka, kaunti ya Kisii, zikiwa zimechongwa nusu tu. Wachongaji wa huko huzikata kwa panga, huzipa umbo kwa kisu, kisha huziacha hapo kwa sababu ndivyo alivyoagiza. Jiwe la Kisii ni laini hata ukucha hulikwaruza, na vumbi lake jeupe huganda penye kila kona. Kwa hiyo kila kete huzamishwa, husuguliwa kwa msasa ingali imelowa, huoshwa tena, halafu huanikwa kwenye ubao nje ya kibanda chake hapa Dunga, kwenye ufuo wa ziwa. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kupaka rangi mashua za wavuvi na kuandika majina ubavuni mwake. Mkono uliozoea herufi za urefu wa dhiraa sasa unapaka uso usiozidi punje ya hindi.

Tabaka ndiko anakotoka Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake mkubwa wa jiwe amewekwa makao makuu ya UNESCO, Paris. Fundi wetu anamheshimu sana, ila yeye amechagua udogo. Anaunda majeshi mawili ya kusimama juu ya ubao wa miraba 64. Upande mmoja ni Wajaluo wa Kano, na upande wa pili ni wapiganaji wa vilima vya Nandi, wale ambao masimulizi ya Kijaluo huwaita Lang'o. Mfalme wa Kano ni Luanda Magere, shujaa aliyekuwa na mwili wa jiwe, mikuki ikimgonga na kuanguka.

Vita vya mezani si jambo geni duniani. H. G. Wells alichapisha kanuni za mchezo wa askari wadogo mwaka 1913, katika kitabu alichokiita Little Wars. Tangu mchezo wa Warhammer utoke Uingereza mwaka 1983, watu wengi wamekuwa wakikesha wakikata sanamu ndogo za mazimwi na mashujaa, wakizibadilisha mikono na silaha, kisha wakizipaka rangi. Fundi ametazama video zao kwenye simu, akachukua mbinu. Mashujaa alikuwa nao tayari.

Askari wa kawaida hufika akiwa amekunja ngumi mbele ya kifua, mikono mitupu. Fundi hutoboa ngumi hiyo kwa keekee nyembamba anayoizungusha kwa vidole. Mashine ya umeme haitaki kabisa, maana jiwe hili hupasuka ukililazimisha. Huzungusha kidogo, hupuliza vumbi, hutia tone la maji, huzungusha tena. Mkuki ni kipande cha waya ya kufungia, ile ya wajenzi. Ncha yake huigonga juu ya chuma mpaka iwe bapa, kisha huinoa kwa tupa pande zote mbili mpaka uone jani la mkuki lenye mgongo katikati. Mgongo ule hauonekani mpaka uusogeze karibu na jicho. Hata hivyo yeye hautengenezi nusu nusu.

Ngao ndiyo niliyoipenda kuliko vyote. Ni gamba la sangara. Wanawake wanaokwangua samaki ufuoni humwekea yale mapana kutoka kwa samaki wakubwa. Huyaosha kwa sabuni, huyaloweka, kisha huyakausha chini ya kitabu kizito yasijikunje. Gamba likikauka hulikata kwa wembe umbo la ngao ya ngozi ya nyati, nalo huwa tayari lina miviringo yake ya asili, mmoja ndani ya mwingine, ambayo hakuna brashi ingeweza kuichora. Halipaki rangi nzito. Hulipitishia maji ya rangi ya kahawia tu, na miviringo inajitokeza yenyewe. Manyoya ya mbuni ya kilemba cha vita ni nyuzi za nyavu kuukuu, zimefumuliwa na kupandwa mmoja mmoja kwa gundi na kibano.

Farasi aliwaondoa. Mahali pao wamekaa viboko. Maaskofu wamekuwa waganga wenye vibuyu, na ngome ni mashua zilizosimamishwa wima.

Kisha rangi. Anatumia masalio ya rangi ya mafuta ya mashua, na hiyo ni nzito mno kwa uso mdogo, inaweza kuziba macho na mdomo kwa mpako mmoja. Kwanza hufuta jiwe kwa kitambaa chenye tapentaini, maana lina utelezi kama wa mafuta na rangi haishiki vizuri juu yake. Hupaka andakoti nyepesi na kungoja. Halafu huchanganya nyekundu, nyeusi na manjano kupata rangi ya ngozi, huilainisha mpaka iwe nyepesi kama chai, na kuipaka tabaka juu ya tabaka. Kila tabaka hufunikwa kwa chupa ya jemu iliyopinduliwa, kwani visubi vya ziwani vikija kwa mawingu yao jioni, hutua juu ya rangi mbichi na kukwama hapo.

Kijana anayejifunza kwake aliinua chupa moja mapema. "Mzee, hii si imekauka?"

"Iguse kwa mgongo wa kidole, chini ya kitako."

Kijana akagusa, akatazama kidole, akairudisha chupa bila neno.

Baada ya hapo huja giza. Fundi huchovya brashi katika kahawia iliyokolea, nyepesi mno, na kuiachia itiririke. Huinamisha kete huku na huku ili rangi ikae ndani ya tundu la jicho, chini ya kidevu, kwapani, nyuma ya ngao. Panapoinuka hufuta kwa kitambaa kabla hapajashika. Ikikauka, hupitisha rangi nyeupe kidogo kwa brashi iliyo karibu kavu, ikigusa paji la uso, pua na magoti tu. Hapo ndipo jiwe linapoanza kuwa mtu. Macho huja mwisho, kwa ncha ya sindano, viwiko vyote viwili vikiwa mezani na vidole vidogo vya mikono vikiegemeana.

Magere peke yake hakupakwa. Mwili wake umeachwa jiwe tupu, umesuguliwa kwa msasa laini zaidi na kung'arishwa kwa nta. Rangi ipo kitakoni tu, ambapo fundi amechora kivuli cheusi kikianzia visiginoni na kulala upande mmoja. Kila Mjaluo aliyesimuliwa kisa hiki anajua kwa nini. Lang'o walimwoza Magere binti yao. Magere alipougua, akamwambia mkewe achanje dawa kwenye kivuli chake, na kivuli kikatoa damu. Yule binti akatoroka na siri, na vitani wakakichoma kivuli. Shujaa akaanguka na kuwa jiwe, na jiwe hilo wanalionyesha Kano hadi leo. Fundi alikipaka kivuli kile tabaka nyingi kuliko kete yoyote nyingine, akikipunguza makali ukingoni mpaka huoni kinapoishia.

Nilimuuliza kuhusu malkia, maana ni binti wa adui anayesimama ubavuni pa mfalme. Alifikiri. "Alikuwa mke wake," akasema, "akae kwake." Amemvika mavazi ya Kano, lakini shanga za shingoni amezipaka rangi zilezile za wapiganaji wa Lang'o.

Zikishakamilika, hupaka vanishi, hugundisha kitambaa chini ya vitako visikwaruze ubao, kisha huziangusha makusudi, moja baada ya nyingine, juu ya meza. Wachezaji wa chesi wana mikono mizito wakichangamka, anasema. Mkuki ukilegea, kete inarudi kwenye keekee.