Fremu Iko Wapi Hasa?

Muuza vitenge au vipuri vya simu Kariakoo ana wateja wa Zambia, Malawi, Kongo na Komoro, na wa Lusaka au Lilongwe mara nyingi huandikiana naye kwa Kiingereza. Bei wanaelewana vizuri. Tabu huanza mteja akishafika Dar es Salaam, akauliza fremu iko wapi, akajibiwa kwa mkato: "near the market."

Jibu hilo kwa Kiswahili lisingemsumbua mtu. "Karibu na soko" hutosha, maana anayeambiwa anaijua Kariakoo, au atamuuliza winga (dalali wa mtaani) wa kwanza atakayemkuta na kupelekwa hadi mlangoni. "Karibu na" hubeba yote: ukuta kwa ukuta, fremu tatu kutoka hapo, hata ng'ambo ya mtaa. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "Near" humwambia mgeni kwamba si mbali, basi, naye ataanza kulizunguka soko zima. "Next to" humwambia kwamba akifika kwenye jengo alilotajiwa, linalofuata ndilo. "Beside" husema ubavuni. Kwa hiyo Soko Dogo la Kariakoo liko "next to" Soko Kuu, na Mnazi Mmoja iko "near". Anayemwandikia mgeni ajiulize kwanza: kati ya fremu yangu na hicho ninachokitaja kuna kitu kingine? Kama hakuna, "near" ni neno legevu mno.

Penye hatari kubwa zaidi ni "mbele ya". Dereva wa bajaji akiambiwa "nishushe mbele ya kituo", huenda akakipita kituo kidogo ndipo asimame, na abiria asione kosa. Mwingine akisema duka liko mbele ya kituo, ana maana kwamba milango inatazamana, barabara ikiwa katikati. Wa tatu anazungumzia meza ya machinga iliyopangwa usoni pa jengo lenyewe. Hali hizo zote tatu huishia kuandikwa "in front of", ilhali neno hilo linaifaa ile ya tatu tu. Ya kwanza ni "past" au "just after". Ya pili ni "opposite". Kwenye Mtaa wa Msimbazi, wenye mabasi ya mwendokasi katikati na watu pande zote, kukosea kati ya "in front of" na "opposite" ni kumvusha mtu barabara bila sababu, tena akiwa na mzigo. Dawa tunayo tayari: "mkabala na" hailegei hata kidogo, na kila panapofaa "mkabala na", Kiingereza chake ni "opposite".

Sokoni je? Kiambishi -ni hakisemi kama mtu yuko ndani au amesimama getini, lakini kitenzi husema. "Yumo sokoni" ni "in the market". "Yupo sokoni" hukaribia "at the market", yaani mahali pa kukutania. Mitaani siku hizi yupo na yuko vimechanganyika, ila yumo bado imeshika zamu yake, na ni kipimo kizuri. Jengo la Soko Kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, lina sehemu ya chini ya ardhi ambayo wenyeji huiita shimoni. Mwenye mzigo huko aandike "in the basement", kwa sababu "under the market" humpa mgeni picha ya kitu kilicholaliwa na jengo. Mtaa huchukua "on", ingawa Waingereza wengi husema "in". Eneo zima ni "in Kariakoo".

Waandishi wa michezo wametuachia mfano safi. Makao ya klabu ya Yanga hutajwa kila mara kuwa kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani. Mitaa miwili ikikatana hupatikana nukta moja, na "at the corner of Twiga and Jangwani" haihitaji karibu wala mbele. Kariakoo ilipimwa kwa mitaa iliyonyooka inayokatana, hivyo karibu kila fremu ina kona ya kuitaja.

Makosa mawili madogo huonekana sana. "Besides the bank", yenye s mwishoni, maana yake ni "zaidi ya benki". Na "nearby" haifuatwi na jina: duka ni "near the bank", au benki iko "nearby".

Halafu kuna ghorofa. Ghorofa ya kwanza ya Kariakoo ni ile unayoifikia baada ya kupanda ngazi, kama wahesabuvyo Waingereza. Mchina na Mmarekani huanza kuhesabu chini kabisa, usawa wa barabara. Mgeni kutoka Guangzhou akiandikiwa "second floor" atasimama ghorofa moja chini ya mwenyeji wake. Aandikiwe "two floors up from the street".