Silabi na Kisa: Juu ya Uteuzi wa Vitabu vya Hadithi vya Mtoto Anayeanza Kusoma

Vitabu vya hadithi vinavyokusudiwa kumfundisha mtoto sauti za herufi za Kiswahili aghalabu huchaguliwa kwa vigezo ambavyo havikutokana na Kiswahili chenyewe. Mteuzi huhesabu maneno ya kila ukurasa, hutazama urefu wa kila neno, huangalia kama picha zinapendeza, kisha hutoa hukumu. Vigezo hivyo asili yake ni usomeshaji wa Kiingereza, na huko vina maana. Lugha hiyo ina sauti zipatazo 44 zinazoandikwa kwa herufi 26, na maneno yake mengi ya kila siku ni ya silabi moja. Kwa hiyo hadithi ya kwanza ya mtoto hujengwa kwa vijineno vya herufi tatu. Kiswahili hakina hazina ya vijineno vya namna hiyo. Kina irabu tano zisizoyumba, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, lakini kitenzi chake kimoja huweza kubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo. Anayeshika kwamba neno refu ni neno gumu kwa mtoto wa Kiswahili amekata kanzu kwa kipimo cha mtu mwingine.

Hasara ya kosa hilo huonekana katika vitabu vyenyewe. Mwandishi aliyeamriwa kutumia maneno mafupi hukimbia vitenzi, kwa maana vitenzi ndivyo virefu. Hubakiwa na majina: baba ana bata, bata ana bawa, basi. Hapana anayetenda wala anayetendewa. Mtoto hufikia ukurasa wa mwisho akiwa ametamka sawasawa kila kilichoandikwa, na hana la kumsimulia nduguye nyumbani.

Mradi wa Tusome, ulioanza kuenezwa katika shule za msingi za umma nchini Kenya mwaka 2015, uliweka sauti za herufi mbele katika usomeshaji wa Kiingereza na wa Kiswahili pamoja. Mjadala uliouzunguka mfumo huo umehusu zaidi kama sauti zifundishwe kwa utaratibu au la. Swali la utaratibu gani, kwa Kiswahili, limepewa nafasi ndogo kuliko linavyostahili. Katika lugha hii mpangilio wa herufi ni mpangilio wa sarufi pia. Mtoto ambaye hajafundishwa n hawezi kusoma kiambishi -na-, na kwa hiyo hana wakati uliopo. Asiyejua w hana wingi wa watu. Asiyejua h hawezi kukanusha kwa ha-, na asiyejua e hana -me-. Kwa upande mwingine, mwenye k, l, t, a na i tayari ana -li-, -ta- na -ka-, yaani ana lililopita, lijalo, na kile kiambishi ambacho masimulizi ya Kiswahili huyategemea kuliko vyote. Mpangilio uliotanguliza herufi hizo humfungulia mwandishi mlango wa kisa tangu wiki za mwanzo. Mpangilio ulionakiliwa kutoka kitabu cha Kiingereza humfungia mlango huo, kisha mwandishi hulaumiwa kwa ukavu wa hadithi yake.

Jambo hili laweza kujaribiwa. Zichukuliwe herufi saba tu: a, i, u, k, l, m, t. Kwazo inawezekana kuandika: Kima alikula tikiti la mama. Mama alimlaumu kaka. Kaka alilia. Kima alilala. Hapa pana wizi, pana dhuluma, pana machozi, na mkosaji amelala usingizi. Neno alimlaumu lina herufi tisa na silabi sita, ila hakuna sauti ndani yake ambayo mtoto hajaijua. Theodor Geisel, ajulikanaye kwa jina la Dr. Seuss, alitunga The Cat in the Hat (1957) kwa maneno 236 tofauti tu, na wasomaji hawakukiona kitabu hicho kuwa kikavu. Uchache wa vifaa, basi, hautoshi kuwa udhuru.

Hata hivyo neno alimlaumu lina tatizo la kweli, nalo ni m. Herufi hiyo hapo ni silabi nzima, ilhali katika mbuzi imeungana na b. Mtoto aliyekariri ba be bi bo bu hukutana na mbu, mdudu, na kusoma m-bu. Halafu hukutana na mbu- ya mbuzi, maandishi yale yale, na kutakiwa asome silabi moja. Zaidi ya hapo, katika mtu mbaya silabi ni tatu, m-ba-ya, na katika nyumba mbaya ni mbili, mba-ya. Hakuna herufi itakayomwonyesha tofauti hiyo. Ngeli ndiyo itakayomwonyesha. Kitabu kinachochanganya maneno ya namna zote mbili katika ukurasa mmoja, bila kutanguliza moja na kuizoesha, kimetungwa na mtu asiyeisikiliza lugha anayoiandika. Ng na ng' hudai uangalifu wa namna hiyo hiyo.

Kisha kuna mtoto mwenyewe, na kwa wengi nchini Kenya Kiswahili si lugha ya kwanza. Katika maandishi ya Kikuyu, th husimamia sauti ambayo Kiswahili huiandika dh. Mtoto aliyeanza kwa lugha ya mama hana kosa akisoma thelathini kwa sauti ya dhahabu. Darasani hujifunza Kiingereza pia, ambako i na e hubadilika kila neno. Vitabu vinavyochaguliwa bila kujua mtoto ametoka wapi humhesabia makosa yasiyo yake.

Lakini hatari iliyo kubwa zaidi imo katika uzuri wa tahajia ya Kiswahili. Kwa kuwa herufi zake ni aminifu, mtoto huweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti bila kigugumizi na asielewe hata sentensi moja. Mwalimu mwenye darasa la watoto wengi huridhika na sauti hiyo. Tangu zamani vyuo vya Kurani vya pwani vilijua kwamba kutamka na kufahamu ni kazi mbili, wala havikudai kwamba mtoto anayehitimisha juzuu amefahamu Kiarabu. Shule za leo hudai hivyo juu ya Kiswahili mara nyingi mno. Kitabu kisicho na kisa huwaficha wote wawili, mwalimu na mwanafunzi, kwa maana hakuna swali la kuuliza juu ya baba mwenye bata. Juu ya kima na tikiti swali lipo: kwa nini kaka alilia? Mtoto anayejibu kwamba alilia kwa sababu alikula tikiti amesoma silabi zote, naye bado hajasoma.