Glavu na Mpira Mpya

Mkulima wa Bonde la Lambwe, Kenya, anapochagua maksai wawili wa plau huangalia kimo na nguvu, kisha huangalia jambo gumu zaidi: je, hawa wawili watavumiliana hadi mwisho wa shamba? Katika bonde ambalo mbung'o waliwatesa ng'ombe kwa miaka mingi, hakuna anayefanya uchaguzi huo kwa pupa. Naamini mzee wa huko, hata kama hajawahi kuona kriketi, angeelewa mara moja kazi ya wateuzi wa timu ya taifa wanapotafuta wapigaji wawili wa kufungua mchezo.

Mpira mpya ni mgumu, unang'aa, na mshono wake bado umesimama. Unapinda hewani, na ukigonga ardhi unaweza kuruka upande usioutarajia. Mfunguzi stadi hujulikana zaidi kwa mipira anayoiacha ipite kuliko ile anayoipiga. Na hawezi peke yake. Tarehe 10 Oktoba 1997, Nairobi, Deepak Chudasama, daktari wa meno, na Kennedy Otieno, wote wa Kenya, walifungua dhidi ya Bangladesh wakaweka pamoja mikimbio 225, rekodi ya dunia ya wafunguzi katika mechi za kimataifa za siku moja wakati huo. Chudasama alipata 122, Otieno 144. Kenya ilifikisha 347 kwa wiketi 3 na kushinda kwa mikimbio 150. Hao walikuwa jozi hasa.

Mlinda wiketi naye huteuliwa kwa jicho jingine. Mwangalie miguu kabla ya mikono. Anachuchumaa nyuma ya vijiti, vidole vimeelekea chini, na hainuki mpaka mpira uinuke. Akiinuka mapema, ule unaobaki chini utampita. Martin Suji wa Kenya alipokuwa akirusha kwa kasi, mlinda wiketi alirudi nyuma hatua nyingi. Mwenzake Suji, Asif Karim, alipokuwa akirusha ule wa kuzunguka, mlinda wiketi alisogea hadi pua yake ikaribie vijiti, na mwili wa mpigaji ulimfichia mpira hadi dakika ya mwisho. Mipira mia moja mlinda wiketi anaidaka bila mtu kumsifu. Ule mmoja anaouangusha hukumbukwa miaka.

Kenya ilikuwa na desturi ya kumkabidhi mtu mmoja kazi hizi mbili. Pune, tarehe 29 Februari 1996, kwenye Kombe la Dunia, Tariq Iqbal alifungua akiwa na Chudasama, kisha akavaa glavu. Mwenzake Rajab Ali akarusha, mpira ukagusa ukingo wa gongo la Brian Lara wa West Indies, Tariq akaudaka. Lara alikuwa na mikimbio 8. West Indies wote walitoka kwa 93, wakati Kenya ilikuwa imepata 166 tu. Miaka saba baadaye, kwenye Kombe la Dunia la 2003, kazi zote mbili zilikuwa mikononi mwa Otieno. Alipata mikimbio 60 dhidi ya Sri Lanka jijini Nairobi, akageuka akalinda vijiti, Kenya ikashinda.

Nausifu uteuzi huo kwa moyo wote. Nchi yenye wachezaji wachache ilipata nafasi ya mpigaji wa ziada. Hata India, yenye watu wasiohesabika wa kuchagua, ilifanya jambo la karibu na hilo kwenye kombe hilo la 2003: ilimvisha glavu Rahul Dravid ili iongeze mpigaji. Lakini katika mechi za siku tano India hiyohiyo ilimwita Parthiv Patel, kijana aliyeanza akiwa na miaka 17, Dravid akabaki na gongo lake.

Hapo ndipo ufundi wa mteuzi unapopimwa. Mechi ya siku tano hupangiwa ova 90 kwa siku, yaani mipira 540, na kila mmoja mlinda wiketi anauchuchumalia. Wenzake wakimaliza kurusha, akiwa pia mfunguzi huwa na dakika 10 tu kabla ya kukabili mpira mpya. Magoti hayawezi. Kumar Sangakkara wa Sri Lanka alipovua glavu katika mechi hizo, wastani wake wa mikimbio ulipanda kupita 60.

Kenya haikupewa kamwe hadhi ya kucheza mechi za siku tano. Bangladesh ileile iliyofungwa kwa mikimbio 150 ilianza kuzicheza Novemba 2000. Inaniuma, kwa sababu timu ya kuteua ilikuwepo, nami ningeiteua hivi. Otieno afungue, maana aliyepata 85 mbele ya Glenn McGrath wa Australia mwaka 1996 hastahili kuingia uwanjani akiwa amechoka. Pembeni yake awe Ravindu Shah, mpigaji wa mikono laini anayejua kusubiri. Glavu nampa David Obuya, mdogo wake Otieno, naye apige wa saba. Angepata muda wa kukaa, kufungua bandeji za vidole na kuoga, huku kaka yake akiwa uwanjani na miguu isiyochuchumaa tangu asubuhi, akiuacha mpira wa kwanza upite nje ya vijiti.