Kibaba cha Tele na Kibaba cha Mfuto: Uhakiki wa Vipimo na Maagizo katika Mapishi ya Kale ya Mwambao

Mapishi ya ukoo yaliyoachwa na mabibi wa mwambao, mengine katika madaftari na mengi zaidi vinywani mwa binti zao, yamepata nafasi ndogo sana katika taaluma ya Kiswahili. Utenzi uliotungwa na mama wa nyumba hiyo hiyo huhaririwa kwa uangalifu, kila neno likatolewa sherehe. Lakini maagizo yake ya kupika wali au mchuzi wa samaki yanapochapishwa, mhariri huyatenda jambo asilothubutu kulitenda kwa utenzi: huyafuta maneno ya asili na kuweka gramu na dakika mahali pake. Udhuru utolewao ni kwamba vipimo vya kale havikuwa na uhakika. Makusudi ya makala haya ni kuupinga udhuru huo. Vipimo hivyo vilikuwa na uhakika wake, na aghalabu utata huingizwa na yule anayedai kuuondoa.

Na tuanze na kibaba. Vibaba viwili hufanya kisaga, na visaga viwili hufanya pishi. Hilo halina ubishi. Kamusi za zamani hukadiria kibaba kuwa karibu ratili moja na nusu ya nafaka, na mhariri wa leo huchukua kadirio hilo, akazidisha, akapata gramu 680, akaridhika. Hapo amekwisha kosa mara mbili. Kwanza, kibaba ni kipimo cha ujazo, na ratili ni kipimo cha uzito. Kibaba cha mchele na kibaba cha unga havilingani mizanini, na hata unga wenyewe ukichekechwa huwa mwepesi kuliko ulioshindiliwa. Pili, na hili ni zito zaidi, wenyewe walikuwa na vibaba vya namna mbili. Frederick Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1939, hakusahau kuandika kwamba kuna kibaba cha tele na kibaba cha mfuto. Katika kile cha tele nafaka hurundikwa ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Katika cha mfuto hufutwa kwa kiganja au kijiti hata ikawa sawa na ukingo. Tofauti baina ya viwili hivi hutegemea upana wa mdomo wa chombo, kwani chombo kipana hubeba kichuguu kikubwa. Anayenunua mahindi kwa gorogoro katika masoko yetu ya leo anaijua tofauti hiyo vizuri, na muuzaji anaijua vizuri zaidi.

Sasa, mapishi yakisema tu "vibaba vitatu vya mchele", bila kutaja tele wala mfuto, je, ni kasoro ya matini? Sivyo. Yaliandikwa, au yalisemwa, kwa msomaji ambaye kibaba chenyewe kimetundikwa jikoni mbele ya macho yake. Na maadamu mchele umepimwa kwa kibaba hicho, na maji pia yakapimwa kwa hicho hicho, ukubwa wake halisi hauna neno: uwiano ndio unaopika wali. Mhariri anayegeuza mchele kuwa gramu kwa kutegemea kamusi, kisha akayageuza maji kuwa mililita kwa kutegemea kikombe cha nyumbani kwake, ameuvunja uwiano huo huku akidhani ameunyosha.

Kosa la namna hiyo hutokea pia katika neno "kiasi". "Tia chumvi kiasi" hutafsiriwa mara nyingi kama kwamba ni "tia chumvi kidogo", au huachwa kama neno lisilo na maana. Lakini asili ya neno hili ni Kiarabu, nako lina maana ya kupima, hasa kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine. Chumvi kiasi ni chumvi inayolingana na kilichomo chunguni. Agizo linamtaka mpishi aonje. Ndivyo ilivyo pia kwa ukufi na konzi. Ukufi ni kile kinachokaa juu ya kiganja kilichofunuliwa, na konzi ni kile kinachoshikwa na mkono uliofumbwa. Anayeyachanganya maneno haya mawili chini ya jina moja la "mkono" amepoteza tofauti ambayo lugha iliilipia.

Ipo hoja ya upande wa pili, nayo husemwa kwa mapenzi: kwamba bibi alipika kwa mkono na jicho, na elimu hiyo haiandikiki. Hoja hii ni tamu, lakini matokeo yake ni yale yale ya mhariri wa gramu. Wote wawili wamekubaliana kwamba maneno ya bibi hayakubeba kitu. Ukweli ni kwamba aliyasema, tena kwa sarufi iliyopangika.

Tazama viambishi. Agizo husema: "Tui likianza kuchemka utie samaki, huku ukikoroga, likisha kuwa zito ukaepua." Mhariri huandika: chemsha tui, tia samaki, koroga, epua. Vitenzi vyote vinne vimebaki, na mapishi yamekufa. Katika "likianza", samaki huingia wakati tui linapoanza kuchemka, si baada yake. Katika "huku ukikoroga", kitendo kimoja kinaendelea sambamba na kingine, na sababu yake si pambo: tui linalopata moto mkali bila kukorogwa hukatika, mafuta yakajitenga na maji. "Likisha" inadai hali ikamilike kwanza, na "-ka-" inafuatisha kuepua papo hapo. Muda ambao mhariri anautafuta katika saa yake umo tayari ndani ya kitenzi. Pengine hakuna matini mengine ya Kiswahili ambamo mwanafunzi angeweza kujifunza tofauti ya "-ki-" na "-kisha" kwa haraka kiasi hicho, kwani akikosea kitunguu huungua.

Mapishi yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu yana tatizo lake. Katika maandishi mengi ya zamani herufi moja, fe, ilisimama kwa "f" na kwa "v", ingawa baadaye waandishi wengine waliongeza nukta ili kuzitenga. Basi msomaji akutanapo na iliki, anaweza kusoma "zifundwe" au "zivundwe". Kufunda ni kutwanga. Kuvunda, kwa Kimvita, ni kuvunja. Iliki iliyovunjwa ganda tu hutoa harufu polepole na huweza kuokotwa kabla ya kupakua. Iliyofundwa huenea katika chakula chote, isitoke tena. Asiyekijua Kimvita hataiona njia ya pili kabisa, na atasanifisha bila kujua kwamba amechagua.

Kuna vipimo ambavyo kweli vimepotea. "Iliki ya thumuni" haiwezi kurejeshwa bila kujua bei ya iliki mwaka huo katika soko hilo, na mhariri hana budi kuliacha neno na kutaja tarehe ya daftari, kama ipo. Vingine vinaelekea kupotea sasa hivi. Agizo la maji yazidi mchele kwa pingili moja ya kidole ni sahihi katika sufuria ya nyumba hiyo. Mchele huo huo ukitiwa katika sufuria pana, pingili hiyo hiyo huleta maji mengi mno na wali ukawa bokoboko. Kwa hiyo anayekusanya mapishi hana haja ya kumwuliza mwenyeji ni gramu ngapi. Na aombe aonyeshwe sufuria, apime upana wake. Aombe kibaba au kopo linalotumiwa mahali pake, alijaze maji, ayapime, aandike pia kama nafaka hutiwa kwa tele au kwa mfuto. Hayo yote yaandikwe katika tanbihi, chini ya maneno ya asili. Na kama kopo limebonyea, lipimwe hivyo hivyo lilivyobonyea.