Kamera Nyingi, Viti Vichache

Kuna andiko moja la kitaalamu ambalo ningependa kila kijana wa Tanzania anayesomea sayansi ya viumbe alisome, kisha agombane nalo. Lilitoka mwaka 2015, nalo laeleza kazi iitwayo Snapshot Serengeti. Mwaka 2010 Alexandra Swanson, wakati huo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, alitega kamera 225 Serengeti, katika eneo la kilometa za mraba 1,125. Mnyama akipita, kamera hupiga picha yenyewe. Kufikia mwaka 2013 zilipatikana seti za picha milioni 1.2. Nani angezitazama zote? Ziliwekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 wakataja wanyama waliowaona.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kila picha ilitazamwa na watu kadhaa, majibu yao yakalinganishwa, na sehemu ya picha hizo ikahakikiwa na wataalamu. Tena data zote zilitolewa bure. Mwaka 2018 watafiti walizitumia kuifundisha kompyuta kutambua wanyama bila msaada wa mtu.

Lawama yangu iko kwingine. Waandishi wa andiko hilo ni sita, na hakuna chuo cha Tanzania hata kimoja nyuma ya majina yao. Picha zilitoka kwetu, shahada ikatoka kwao. Wanatuambia data ni wazi kwa wote. Ni kweli, lakini mlango wazi si kiti cha kukalia. Huko Sweden, mwaka 2020, mfuko wa Wallenberg ulitenga krona bilioni 3.1 kwa miaka 12 kwa ajili ya sayansi ya viumbe inayotegemea data. Na mwanafunzi wa uzamivu nchini humo kwa kawaida huajiriwa, akalipwa mshahara kwa miaka minne. Sisi tunacho Chuo cha Nelson Mandela kule Arusha, kilichoanza kufundisha mwaka 2011, na Sokoine cha Morogoro. Vyumba vipo. Lakini kijana wetu wengi hutumia akili yake kutafuta ada kwanza, na mfadhili akipatikana huja na swali lake mkononi.

Hapo ndipo penye hasara. Swanson alitaka kujua jinsi simba, fisi na duma wanavyoishi pamoja. Ni swali zuri. Sisi wa Nakwa, hapa Babati, tuna jingine. Katika ushoroba wa Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, tembo hupita wapi, miezi gani, na mkulima apande nini njiani mwao? Kamera zilezile zaweza kujibu. Anayekosekana ni mtu wa kulikalia swali hilo miaka minne huku wanawe wakila.

Kwa hiyo naliona andiko hili kuwa kazi njema iliyoishia nusu. Mtafiti wa kigeni haingii porini bila kibali chetu. Basi wanaotoa vibali na waulize jambo moja zaidi: katika kazi hii, Mtanzania yupi atalipwa asome hadi uzamivu, na swali lake mwenyewe ni lipi?